Nani alikata zile karatasi? Niliyoongea na wazazi na majirani zetu Ipagala, Dodoma

Ambao hamkufika jioni ile mmeniomba sana niweke nilichoongea, basi hiki hapa chote, nimekiandika vilevile kilivyotoka mdomoni. Picha nilizowaonesha watu ukutani nimeziacha, maneno yatatosha.

Mbukwenyi!

Wa kule nyuma sijawasikia bado. Mbukwenyi tena! Haya, sasa hapo sawa.

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, dada zangu, kaka zangu, na nyie watoto mliokaa hapa mbele kwenye mkeka, marahaba, tena mmekaa vizuri kuliko wakubwa. Nashukuru kuitwa. Nimeambiwa niongee kuhusu sikukuu maana Krismasi hiyo inaingia, mwaka mpya unafuata, watoto wamefunga shule, na nyumba nyingi saa hizi mazungumzo ni pesa tu, pesa ya nguo, pesa ya nauli, pesa ya kuku. Nami pesa sitaongelea kabisa leo.

Nianze na swali. Ukiambiwa ukumbuke sikukuu moja ya utoto wako, moja tu, kitu gani kinakuja cha kwanza? Semeni msiogope. Naam, mama pale, kusukwa nywele usiku wa mkesha mpaka kichwa kinauma, ndiyo. Baba? Harufu ya pilau, tena wali wenyewe tulikuwa hatuuli ovyo. Nani tena? Soda ya kugawana na dada yako mnapimiana kwenye glasi. Kijana kasema kwenda kupiga picha studio.

Mmesikia lakini? Wote mliojibu hapa hakuna hata mmoja aliyetaja bei ya kitu. Hakuna. Na kila mmoja kamtaja mtu aliyekuwa anafanya naye kitu, aliyekusuka nywele ni nani, soda uligawana na nani, studio ulikwenda na nani. Hilo ndilo lililonileta.

Mimi cha kwanza kinachonijia ni mkasi.

Nilizaliwa hapahapa mjini, Chang'ombe, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kipindi kilekile ambacho ilikuja kuamuliwa mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma, ingawa nyie wengi mmekuja kufika juzi juzi hapa na ofisi zenu, na karibuni sana. Baba yangu Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana. Mama yangu Mrangi wa Kondoa, kwao Waislamu. Sisi tukakulia katikati hapo, Krismasi yetu na Idd yetu. Na mama alikuwa fundi cherehani. Sasa aliyeishi na fundi cherehani anajua, mkasi wa nguo haukati karatasi. Usithubutu. Karatasi inaua makali, ukiurudisha kwenye kitambaa unatafuna badala ya kukata, na mkasi ndio ulikuwa unatulisha. Mwaka mzima ule mkasi unakaa juu kwenye msumari na hakuna mtoto anayeugusa.

Ila siku mbili kabla ya Krismasi mama anaushusha mwenyewe, anauweka juu ya meza, anasema haya, kateni.

Wakubwa mnaikumbuka miaka ile. Baada ya vita ya Kagera, kuanzia 1979 mpaka katikati ya miaka ya themanini, sukari kwa mgao, sabuni kwa mgao, unga wa ngano ukiupata unaufunika na kanga njiani watu wasiuone. Nani angekuuzia mapambo? Na yangeuzwa, nani angenunua? Basi tunatafuta mfuko wa saruji kwa watu wanaojenga. Mfuko wa saruji wa zamani ule wa karatasi una tabaka kadhaa, la ndani lina vumbi unalitupa, la nje limeandikwa, la katikati safi kabisa, hilo ndilo letu, unakung'uta unalinyoosha kwa pasi ya mkaa. Tunaongezea magazeti ya zamani na majalada ya madaftari yaliyoisha. Rangi je? Rangi ilitoka Kondoa. Bibi mzaa mama alikuwa msuka mikeka, kwa hiyo zile rangi za kuchemshia ukili anazo, nyekundu, kijani, zambarau, anafunga kwenye kipande cha kitambaa anampa mtu wa basi, inafika. Tunachemsha kwenye sufuria iliyotoboka mshikio, tunachovya karatasi, tunaanika kwenye kamba na nguo. Gundi ni utomvu wa mgunga, sisi watoto wa Dodoma tulikuwa tunautafuna kabisa, safari hii unaubandua mtini unauloweka kwenye kikombe usiku mmoja unakuwa mzito. Basi.

Alafu tunakata vipande upana wa vidole viwili, unakunja pete, unabandika, unapitisha nyingine ndani yake, unabandika, mnyororo unakwenda unakwenda mpaka umevuka chumba kutoka kona mpaka kona. Nyumba haikuwa na dari kwa hiyo tunaufunga kwenye kenchi. Baba analeta tawi la mvinje tunalisimamisha kwenye debe la mchanga, tunaweka vipande vya pamba juu yake, na nje karibu kila mtaa mikrismasi imewaka maua mekundu, nayo tunakata tawi tunaweka mlangoni. Kadi za Krismasi zilizotumwa na ndugu tunazitundika kwenye uzi wa mama wa kushonea, ukutani, mpaka zile za miaka iliyopita zinarudi kutundikwa.

Kitinda mimba wetu alikuwa hajui kubandika. Pete zake moja kubwa, moja ndogo, moja imepinda, mnyororo unaning'inia upande. Sisi wakubwa tukataka kuuficha kule nyuma ya kabati, mama akakataa, akautundika juu ya mlango wa mbele kabisa. Kila mgeni akiingia anaambiwa, hizi kafanya mwenyewe. Kila mgeni! Na yule mtoto anasimama pembeni anasubiri aambiwe. Leo ni mtu mzima ana watoto wake, na ukikaa naye mwezi huu lazima atakuhadithia mlango ule.

Sikukuu ikiisha anapita yule mnoa visu wa baiskeli, mama anamtolea mkasi, anamlipa, unarudi juu kwenye msumari. Mimi nilikuja kuelewa ukubwani alichokuwa anafanya mama yangu. Alikuwa anaharibu makali ya kitu kinachomlisha, kwa makusudi, kila mwaka, ili watoto wake wakate karatasi.

Sasa niulize tena. Sebuleni kwako mwaka huu nani amekata? Nani amebandika? Maana mimi napita nyumba nyingi, na naona mti wa plastiki mzuri, vimulimuli vinabadilika rangi, maputo yamepangwa kwa mpangilio wa kitaalamu, na mtoto amesimama mbali anaambiwa USIGUSE. Inaniuma, nasema wazi. Wapambaji sina ugomvi nao hata kidogo, ni kazi inayolisha familia, na kwenye harusi na send-off tunawahitaji. Ila sebuleni kwako kwenyewe? Mtoto wa miaka minne anaweza kubandika. Wa miaka kumi anakata. Babu aliyeketi hawezi kupanda kiti lakini anaweza kushika uzi na kusema kushoto kidogo, kulia kidogo, na mkamsikiliza. Mti wa plastiki nunua ukitaka, lakini waachie waupambe wao, upinde, na ukipinda usiunyooshe wakishalala.

Nihamie kwenye likizo.

Wengi hapa mnaposema likizo mnawaza Zanzibar, mnawaza Dar baharini, au Mikumi kuangalia tembo, na ni vizuri, nchi yetu nzuri watoto waione. Sisi likizo ilikuwa Mvumi kwa babu, na Mvumi siyo mbali, kutoka hapa ni kama kilomita arobaini tu. Lakini mwezi wa kumi na mbili kilomita arobaini hizo zilikuwa zinaweza kumeza siku nzima. Wageni niwaeleze kidogo. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, inaanza Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka wa kawaida mvua yote ni kama milimita 500 na kitu mpaka 600, ndiyo maana tunalima uwele, mtama, karanga na zabibu. Makorongo yanakaa makavu miezi na miezi, watu wanapita, mbuzi wanalala humo. Alafu siku moja mvua inanyesha huko milimani, wewe ulipo jua kali, unasikia muungurumo, na korongo limejaa maji mekundu kutoka ukingo mpaka ukingo. Hapo basi linasimama. Hamna daraja. Mnasubiri.

Kuna mwaka tulisubiri hivyo tangu mchana. Abiria wote chini, mizigo chini, kuku wamefungwa miguu chini ya mbuyu, kuna mama ana keki ya Krismasi kaibeba kwenye beseni amefunika na kitambaa hataki hata nzi asogee. Watu wamenuna. Kulikuwa na mzee mmoja mkimya ana kitu amekifunga kwenye shuka, nikadhani ni mtoto, kumbe ni ilimba. Akaifungua akaanza kupiga taratibu, mwenyewe tu, kama anajipigia. Akaitikia mama mmoja, akaitikia mwingine, Wagogo nyie mnajua zile sauti zetu zinavyopishana, haikupita muda kinamama wamegeuza ndoo ngoma wanapiga muheme kwenye ndoo, dereva anacheza, konda anacheza, baba yangu mtu wa kanisa asiyecheka ovyo anatikisa mabega. Na yule mama mwenye keki akaikata! Akasema kama maji hayapungui leo basi Krismasi ni hapahapa. Tukala keki ukingoni mwa korongo, watu tusiojuana majina. Usiku maji yakashuka tukavuka, na babu tukamkuta barabarani na taa ya chemli, hakuwa na habari ya basi wala nini, simu hamna, alikaa tu pale kwa sababu alijua tunakuja.

Hivi ingekuwa basi limepita saa tatu asubuhi bila shida, ningekuwa na cha kuwahadithia leo?

Na kwa babu siyo kwamba tunakwenda kupumzika, sahau. Mvua ikinyesha Ugogo ni kupanda. Krismasi tunaenda kanisani, tunaimba, tunakula, tarehe 26 watu wa mjini wanaita Boksing Dei, sisi ni jembe, babu mbele, baba nyuma yake, sisi tunadondosha mbegu. Bibi mzaa baba alibaki kwenye tembe lake anasiriba kuta, na akishasiriba anachovya kitambaa kwenye udongo mweupe anapitisha mstari chini ya ukuta kuzunguka nyumba yote, hayo ndiyo mapambo yake. Akanipa na mimi kitambaa, akanionesha ukuta wa uani, akasema wa kwako huo, weka unachotaka. Nikachora kuku. Bibi akaita majirani waje kuona kuku.

Mnaona kitu kimoja hapa? Bibi wa Mvumi na mama wa Chang'ombe hawakuwahi kukaa kikao wakapanga jinsi ya kulea. Lakini wote wawili walifanya kilekile, walimpa mtoto ukuta, walimpa mtoto mkasi, alafu wakaita watu waje kuona.

Upande wa mama nao, Kondoa. Ile barabara mnayopita leo lami tupu mpaka Babati imezinduliwa mwaka 2018, zamani ilikuwa vumbi, unashuka Kondoa hata nyusi zimebadilika rangi. Mjomba wetu, Mungu amrehemu, mwaka mmoja akasema watoto hawa nawapeleka Kolo. Wangapi mmefika Kolo kwenye michoro ya miambani? Inueni mikono. Wachache. Jamani, mnaishi Dodoma! UNESCO wameiweka kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, kuna miamba zaidi ya 150 yenye michoro, wageni wanatoka Ulaya wanapanda ule mlima, na sisi wa hapa hatujafika. Unapanda mlima kidogo miguu inauma, unafika chini ya jabali, unawaona watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa, wanyama, na sehemu nyingine michoro meupe ya watu waliokuja baadaye. Mjomba akatuambia tusipige kelele, wazee bado wanaenda kule kuomba mvua. Alafu akatuambia kila mtoto achague mchoro mmoja, mmoja tu, auangalie mpaka aweze kuuchora bila kuuona. Jioni tulivyorudi akatupeleka uani kwa bibi, mchanga umefagiliwa, kila mtu na kijiti chake, chora. Ua mzima ukajaa twiga na watu warefu, bibi anatoka na sinia ya chakula hana pa kukanyaga, na hakukanyaga, alizunguka.

Mjomba hakutumia fedha nyingi siku ile. Alitumia siku yake.

Na siku hizi visingizio vya safari vimepungua sana. Treni ya Reli ya Kati tulikuwa tunapanda Dar jioni tunafika hapa asubuhi, tena kama mvua haijaharibu reli huko Kilosa na Gulwe, na kila stesheni mtu anakuletea miwa dirishani. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar mpaka hapa kwa kama saa tatu na nusu. Saa tatu na nusu! Kwa hiyo wewe ambaye mama yako yuko Dar, au mwanao yuko Dar, tusidanganyane kuhusu umbali. Nenda Zanzibar, lakini kama babu yupo hai anza kwa babu.

Sasa hii ninayotaka kuwahadithia naomba mnisikilize vizuri, hasa kwa sababu humu tupo Wakristo na tupo Waislamu.

Mwaka 2000. Mnakumbuka mwaka ule Ramadhani iliingia mwishoni mwa Novemba ikaenda na Desemba yote, kwa hiyo Krismasi imeangukia mfungoni, kwenye siku za mwisho kabisa, na Idd inafuata siku mbili tatu baadaye. Bibi wa Kondoa, msuka mikeka wetu, alikuwa ameletwa mjini kutibiwa macho, yupo kwetu, mzee sana na amefunga. Watu wanamwambia bibi wewe mgonjwa na mzee, umesamehewa, anasema nafunga. Sasa Krismasi inakuja, nyumba imepambwa, pilau itapikwa, tutakulaje mchana kweupe bibi amekaa pale na swaumu yake? Bibi mwenyewe akasema kuleni, mimi nimezoea, sikukuu yenu hiyo. Mama kanyamaza. Aliyeongea ni baba. Baba yangu mzee wa kanisa, akasema, Krismasi siwezi kutia tonge mdomoni mama mkwe wangu anaangalia. Tutakula jioni wote.

Basi asubuhi tukaenda kanisani tukarudi. Watoto wadogo wakapewa uji na chapati. Wakubwa tukakaa. Pilau imeiva tangu saa tisa, imefunikwa, harufu nyumba nzima, na nyie mnajua Dodoma jua la Desemba linazama inakaribia saa moja, lile jua lilikuwa haliendi! Hakuna aliyelalamika. Adhana ilivyosikika baba akachukua tende ya kwanza akampa bibi kwa mikono miwili. Bibi akasema Bismillahi akafungua. Baba akasali sala yake ya chakula. Tukala. Ile ndiyo pilau ya Krismasi iliyokuwa futari, na sijawahi kula tamu zaidi ya ile.

Na haikuishia hapo. Tarehe 26 tulitaka kushusha mapambo ili Idd ikute nyumba iko wazi, tuliona labda ndiyo heshima. Bibi akasema yaacheni, mmetumia rangi zangu hayo. Kweli zilikuwa rangi zake, aliendelea kutuletea miaka yote. Akaomba vipande vya karatasi vilivyobaki, na yeye pete hakujua wala hakutaka kujua, macho yenyewe hayaoni vizuri, akaanza kuvisuka kwa vidole msuko wa ukili, karatasi nyekundu na ya kijani, mpana, umenyooka. Tukautundika katikati ya minyororo yetu. Tukatandika mikeka, udi ukafukizwa, watoto wa majirani wakaja kuchukua mkono wa Idd, na juu yao karatasi za Krismasi na msuko wa bibi vinacheza na upepo pamoja. Hakuna aliyeona shida. Hakuna hata mmoja.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo sikukuu zinazunguka na baada ya miaka kama thelathini na tatu zinarudi palepale. Ukipiga hesabu, mwaka 2033 Idd-el-Fitr inatarajiwa kuangukia karibu tarehe 23 Desemba, kutegemea mwezi utakavyoandama. Yaani Idd alafu Krismasi. Nyie watoto mliokaa mkekani mtakuwa vijana wakubwa. Naomba mkumbuke kwamba mlisikia hii habari.

Niseme kidogo kuhusu waliotangulia, maana najua kuna nyumba hapa mwaka huu zina msiba mbichi, na mwenye msiba sikukuu ikikaribia anatamani siku zirukwe tu.

Mama yetu alitutoka miaka kadhaa nyuma, katikati ya mwaka. Desemba ilivyofika hakuna mtu aliyetaja mapambo. Tumekusanyika kwa baba, watoto wapo wanazunguka zunguka, hakuna anayesema. Mkasi upo kwenye msumari wake. Baba akanyanyuka, na wakati ule miguu ilishaanza kumsumbua, akavuta kiti, akapanda, tukaogopa ataanguka, akaushusha. Akauweka mezani. Akasema neno moja tu. Kateni. Tukakata tunalia. Wajukuu wakawa wanakata hawajui kwa nini sisi tunalia, alafu mmoja akakosea pete ikapinda, na dada yangu akasema hiyo inakaa juu ya mlango.

Kwa hiyo mwenye msiba, mimi sikwambii ufurahi. Nakwambia ile kazi aliyokuwa anaifanya marehemu, mpe mtu. Aliyekuwa anapika chapati alikuwa nani? Nani sasa atapika? Aliyekuwa anasoma risala, anayewasha udi, anayegawa soda? Mtajeni jina mkiwa mnaifanya. Msilikwepe jina lake.

Na picha. Hili haraka haraka. Babu wa Mvumi alipofariki tulitafuta picha yake nyumba nzima, ikapatikana moja, alikuja mjini Krismasi akapigwa amesimama sebuleni kwetu. Nyuma hamna tarehe, hamna mwaka, kila mtu anabisha. Mama akaishika akaangalia juu ya kichwa cha babu, akasema huu ni 1984, ona mnyororo una rangi ya saruji tu, ule mwaka mvua zilikata njia rangi za Kondoa hazikufika. Mapambo ndiyo yaliyotuambia mwaka! Sasa leo una picha elfu ngapi kwenye simu? Na simu ikizama kwenye maji? Safisha chache, zipeleke studio zitoke kwenye karatasi, nyuma andika majina kwa penseli, kalamu ya wino inapenya inaharibu upande wa pili. Na wazee wakiwa bado wapo, washikishe zile picha za zamani huku simu inarekodi sauti, waseme huyu nani, huyu mtoto wa nani. Fanyeni likizo hii hii.

Nimalizie na la utekelezaji maana mwenyekiti ananiangalia. Jumamosi hii saa nne asubuhi tunakutana hapahapa chini ya turubai, watoto wote na wazazi, na mzee yeyote anayeweza kukaa kwenye kiti. Ipagala hii kila kona watu wanajenga, kwa hiyo mifuko ya saruji ipo, leteni ile ya karatasi siyo ya plastiki. Mgunga upo kule nyuma ya uwanja, vijana mtatuletea utomvu Ijumaa ili ulowekwe. Mikasi leteni, mafundi cherehani ya kwenu siombi, ila atakayeileta nitamlipia mnoaji. Rangi za ukili nimeshaagiza Kondoa, zinakuja na basi la Alhamisi. Familia za Kiislamu njooni pia, mtatufundisha ule msuko, mimi nimejaribu kuukumbuka umenishinda.

Maswali sasa. Mama wa kanga ya njano, wewe mkono umeuinua tangu nikiwa bado niko Kolo, karibu, mpeni maiki.